Kamba ya Koromeo la Mbuzi

Tuliuchora ule ufa wa baharini kwa chaki kwenye saruji ya gati, kwa ukubwa wake halisi. Kreti za samaki ndizo zilikuwa miamba, kamba kuukuu ilionyesha ukingo wa mwani, na tairi bovu lilikaa pale ambapo, chini ya maji, kuna jiwe kubwa linalobana njia. Mimi nilifumba macho, nikashika kamba, nikaingia ndani ya mchoro nikipapasa kwa miguu. Nyuma yangu alikuja Murty Considine na fimbo yake ya kuswagia ng'ombe. Kila nilipokanyaga mstari alinigonga begani.

"Umekufa," alisema. "Rudi mwanzo."

Nilirudi. Nikakanyaga tena.

"Umekufa tena. Hivi, Dympna, mama yako alizaa mzamiaji au alizaa ndama?"

Pius Haugh alicheka na mkate mdomoni. Mara kicheko kikamkauka, nami nikafumbua macho. Concepta Talty alikuwa amesimama ukingoni mwa mchoro na birika la chai, amevaa koti la mwanawe mkubwa, Senan. Huyo Senan ndiye tuliyekuwa tukimtafuta. Murty alivua kofia, akaigeuzageuza mikononi.

"Endelea, Murty," alisema Concepta. "Mimi sivunjiki kwa maneno."

Akauzunguka mchoro wote kwa njia ya mbali, asikanyage hata mstari mmoja, akatumiminia chai.

Ndivyo klabu yetu ilivyofanya kazi miaka ile: mzamio unazamiwa kwanza nchi kavu. Vijana wa siku hizi wana saa za mkononi zinazowafikiria kila kitu, nami siwaonei wivu, kwa maana saa haigongi mtu begani. Sisi tulikuwa na chaki, redio ya gari la Murty, na jedwali la maji kujaa na kupwa lililobandikwa kwenye mlango wa banda la boti. Kila asubuhi tulichora, tukatembea, tukapanga nani ataingia na nani atangoja. Kisha tuliyatazama mawimbi, nami nikasema hapana. Jioni mvua ilifuta chaki. Kesho yake tukachora upya.

Senan Talty alikuwa dereva wa lori la maziwa, mtu wa maneno machache na samaki wengi. Jumapili moja baada ya misa alishuka chini ya jabali na ndoano yake, pale ambapo baba yake alivua na babu yake alivua, jua likiwaka na bahari imetulia. Kwetu Clare, pwani hii ya magharibi, siku za namna hiyo ndizo mbaya. Wimbi linalotoka mbali huko magharibi halihitaji upepo wa hapa. Linakuja kimya kimya, linapanda jabali, linachukua linachokitaka. Walikuta mkoba wake na chupa ya chai, chai bado ya moto.

Helikopta ilikuja, boti ya uokoaji ikaja, walinzi wa pwani wakatembea kingo zote. Baada ya siku kadhaa wenye mashine waliitwa kwingine, na hapo tukabaki sisi: wavuvi wa kamba-koche na klabu ya wazamiaji wa wikendi, yaani mwalimu mmoja wa hesabu, ambaye ni mimi, mfugaji mmoja, mwuza vifaa vya ujenzi mmoja, na nesi. Kila mtu pale kijijini alijua Senan yuko wapi. Kitu kikianguka kutoka kwenye jabali lile, kiwe boya, kiwe kondoo, mkondo hukipeleka Koromeo la Mbuzi. Ni ufa mwembamba kati ya kuta mbili za mwamba, umejaa mwani mrefu, na mwisho wake kuna shimo. Wakati bahari imelala, ni mahali pazuri ajabu. Nilikuwa nimezamia pale majira mengi ya joto kuliko mtu yeyote. Ndiyo maana walinikabidhi kupanga. Lakini wimbi refu likiingia mle, maji hupanda na kushuka kwa nguvu ambayo mtu hawezi kushindana nayo. Hutupwa ukutani, basi.

Kwa hiyo nilikuwa mtu wa kusema hapana. Kina mama walileta supu na mikate ya nyama, padri alileta rozari, na watu wote wale waligeuza nyuso kunitazama mimi nilipotoka kuangalia maji. Sijawahi kuwa mnyonge namna ile. Nilikuwa na mitungi imejaa hewa, nilikuwa na watu walio tayari kuingia motoni nikiwaambia, na sikuwa na cha kuwaambia.

Aliyenisumbua kuliko wote alikuwa Flan, mdogo wake Senan. Flan alikuwa mwanaklabu, na niseme ukweli, alikuwa mzamiaji bora kuliko mimi. Lakini tuna miiko yetu. Mmoja ni huu: ndugu wa aliyepotea haingii majini kumtafuta. Mkono wa ndugu haujui kuachia, ndivyo Murty alivyozoea kusema, na kaburi moja linatosha. Hivyo Flan alipewa kazi ya kubeba mitungi na kuchemsha maji ya chai. Kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye mabega yale, anagawa sukari.

"Mnangoja nini?" alinifuata siku moja hadi kwenye gari. "Mnangoja awe mifupa?"

"Nangoja bahari, Flan."

"Bahari! Wewe unaogopa, basi. Sema tu unaogopa."

"Naogopa," nilisema. "Ulidhani?"

Hakutegemea jibu hilo. Alisimama pale, mvua ikimchuruzika usoni, na mimi nikatamani anitukane zaidi.

Kisha redio ikatupa nafasi. Tulikuwa tumebanana ndani ya gari la Murty, vioo vimejaa ukungu wa pumzi zetu, tukimsikiliza mama yule wa sauti tulivu akisoma habari za bahari kana kwamba anasoma masomo ya misa. Mawimbi yangepungua usiku. Asubuhi yangekuwa madogo. Alasiri dhoruba kubwa ingefika kutoka kusini-magharibi, na nyuma yake nyingine. Murty alizima redio. Hakuna aliyehitaji kueleza. Ilikuwa ni asubuhi hiyo, au Koromeo lingefagiliwa na dhoruba na Concepta hangepata mwili wa kuzika.

Tukapanga hadi giza likaingia. Tungeingia maji yakiwa yamekupwa na kusimama, na kwa kuwa yalikuwa maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, mkondo ungekuwa mdogo. Ufa ni mwembamba, wawili wangegongana, kwa hiyo ningeingia peke yangu, kamba ikiwa imefungwa kifuani. Eithne, yule nesi, angekaa ukingoni na mtungi mgongoni, tayari kunifuata nikipata shida. Murty angesimama juu kabisa ya jabali, atazame mbali, na akiona mawimbi makubwa yanakuja apulize filimbi. Pius angeshika kamba kwenye ubapa wa mwamba. Mvuto mmoja maana yake salama. Mivuto miwili mirefu: nimempata. Na Pius akisikia filimbi avute mfululizo bila kukoma, nami niache kila kitu nitoke.

"Kila kitu," Murty alirudia akinitazama.

"Nimesikia."

"Pius, punguza mikate hiyo, kesho utashindwa kupita kwenye mlango wa gari."

"Nikinenepa ndiyo vizuri, Dympna hataniburuta," alisema Pius. Tukacheka kidogo. Tulikuwa tumeshasahau namna ya kucheka.

Asubuhi bahari ilikuwa imelala kweli. Tulitembea kwa miguu juu ya jabali, tukashuka kwenye ubapa, vifaa vikitukata mabega. Concepta tulimwacha gatini pamoja na padri. Nilikuwa nimeshafunga mkanda wa uzito wa kuzamia kiunoni Pius alipoweka kamba chini, taratibu, na kusema, "Si leo."

Huo ndio mwiko wetu wa pili. Mtu yeyote, wakati wowote, akisema "si leo", haulizwi. Haulizwi wakati ule, haulizwi baadaye baa, haulizwi mpaka afe. Tuliuweka kwa sababu tuliwahi kumzika mmoja aliyeona haya kusema. Pius alikuwa mweupe kama unga. Alipanda jabali akaenda kukaa garini, na mimi mpaka leo sijui alikuwa ameona nini moyoni mwake, wala si haki yangu kujua.

Kamba ikabaki imelala kwenye mwamba. Murty hakuweza kuacha kutazama mbali. Eithne alihitaji mikono yake yote miwili. Saa ya maji kusimama ilikuwa imefika na haingetungoja. Ndipo Flan, aliyekuwa amebeba mitungi yetu hadi pale kisha akagoma kuondoka, akainama akaiokota.

Alikuwa nchi kavu. Mwiko ulisema ndugu haingii majini; haukusema lolote juu ya ndugu aliye juu ya mwamba. Murty alimtazama kutoka kule juu, mimi nikamtazama Murty, na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya.

Aliifunga kifuani pangu yeye mwenyewe, fundo zuri kabisa. Alipomaliza hakuondoa mkono.

"Ukimkuta, usimwache."

"Nikiitwa narudi, Flan. Ndivyo mpango ulivyo."

"Mpango ni wako. Ubadilishe."

"Siwezi."

"Tafadhali, Dympna. Mama yangu hawezi kukaa hivi."

Nilivaa miwani ya maji nikaingia.

Baridi ilinishika mashavuni kwanza, halafu ikatulia. Nilipita chini ya mwani, ukilala upande huu na upande ule bahari ilipopumua, nami nikashika ukuta ilipovuta na kusonga ilipoachia. Mvuto mmoja: salama. Flan alinijibu mmoja. Nililikuta lile jiwe kubwa, nikalipita kwa ubavu bila kukosea, na nilimsikia Murty kichwani akikosa la kusema. Nyuma ya jiwe maji yalikuwa ya kijani na tulivu. Senan alikuwa pale.

Sitaeleza alivyokuwa. Alikuwa kifudifudi, na buti lake moja lilikuwa limekwama kwenye mpasuko. Niliweka kiganja mgongoni kwake kabla ya kufanya lolote, sijui kwa nini, labda kumwambia tumefika. Kisha nikavuta kamba mara mbili, mivuto mirefu.

Jibu halikuja. Nikangoja. Nikafikiria yule kijana juu ya mwamba, peke yake na habari ile, wala hawezi hata kupiga kelele kwa kuogopa kumchanganya Murty. Baada ya kitambo ukaja mvuto mmoja, mwepesi mno, kama mtu anayegusa mlango wa chumba chenye mgonjwa.

Nililifanyia kazi lile buti. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi na kamba za buti zilikuwa zimevimba. Nilikata. Mguu ukatoka. Nikamshika mkono wa koti kwa mikono yangu yote miwili, nikaanza kurudi kinyumenyume, naye akaja. Nasema tena: akaja. Tulifika kwenye jiwe, mimi nikapita, na bega lake likagoma.

Hapo kamba ikakaza kifuani.

Nilidhani Flan amekosea. Nilijiambia anauliza tu kama niko salama. Lakini haikuachia. Ilivuta, ikavuta, ikavuta, na wakati huohuo maji yote mle ndani yakaanza kuondoka kuelekea nje, mwani wote ukalala upande mmoja. Nilijua maana yake. Bahari ilikuwa inavuta pumzi. Nilimng'ang'ania Senan, kamba ikaning'ang'ania mimi, na kwa muda fulani tulikuwa tumenyooka watatu kwenye mstari mmoja, ndugu wawili na mimi katikati. Nilitaka kupiga kelele, ngoja, ngoja kidogo tu, bega linakaribia kutoka. Kamba haina masikio. Mikono yangu ikafunguka.

Eithne alinidaka kwa mkanda wa mtungi akanitupa juu ya mwamba, na tukapanda kwa magoti pamoja na Flan, wote watatu, wimbi la kwanza likija nyuma yetu. Lilijaza Koromeo hadi juu. Kisha la pili, kisha la tatu, kubwa kuliko yote. Pale tulipokuwa mimi na Senan palikuwa povu tupu. Juu yetu Murty alikuwa bado anapuliza filimbi, ingawa hakukuwa tena na wa kumwita.

Flan alikuwa akikunja kamba, duara juu ya duara, kama tulivyomfundisha.

"Ulikuwa umemshika," alisema.

"Nilimshika."

"Nilijua. Kamba ilikuwa na uzito wa watu wawili." Alikunja duara jingine. "Halafu ikawa nyepesi."

Nilitaka kumwambia ameniokoa. Ilikuwa kweli, na sikuweza kuitamka, kwa sababu alikuwa amelipa kwa kitu ambacho hakikuwa changu.

Concepta alituona tukishuka njia ya gatini na mikono mitupu. Hakukimbia. Alingoja tumfikie.

"Mmemwona?"

"Tumemwona, Concepta," nilisema. "Yuko Koromeoni. Nilimfungua. Nilikuwa namleta."

"Ikawaje?"

"Mawimbi yalikuja. Niliitwa nitoke."

Alitutazama mmoja mmoja. "Nani alivuta kamba?"

Flan alifungua mdomo. Nilimwona akiufungua.

"Mimi," alisema Murty.

Upepo ulikuwa umeanza. Concepta alimsogelea mpaka akawa karibu naye kabisa, mwanamke mfupi ndani ya koti kubwa, akamwinulia uso.

"Ungengoja kidogo, Murty."

"Ndiyo," alisema Murty. "Ningengoja."

Flan aliangalia chini. Mimi ni mtu wa ulimi mwepesi, waulize wanafunzi wangu, na siku ile ulimi ulikuwa jiwe.

Dhoruba ilifika alasiri, na nyuma yake nyingine, kama redio ilivyosema. Bahari ilipotulia niliingia tena Koromeoni, Pius akiwa ndiye mshika kamba, na Koromeo lilikuwa tupu, safi, hata mwani ulikuwa umeng'olewa. Bahari haikumrudisha Senan popote. Walimsomea misa bila jeneza, picha yake ikiwa juu ya meza ndogo, na watu walishindwa kujua watazame wapi.

Baada ya hapo Concepta hakumsalimu tena Murty. Mara ya kwanza niliona ni uchungu wa mwana, utapoa. Haukupoa. Kanisani, padri aliposema tupeane amani, Concepta alimpa mkono kila mtu wa benchi lake na la nyuma yake, na Murty, aliyekaa ng'ambo ya njia, alinyoosha wake, naye akamruka. Jumapili iliyofuata Murty alinyoosha tena. Alifanya hivyo miaka yote. Kijiji kikagawanyika; wapo waliosema Murty ni mwoga aliyevuta mapema, wakakataa kununua ndama wake, na wapo waliomtetea. Nilimwambia mara nyingi tuseme ukweli. Alinijibu nikafundishe hesabu zangu. Flan alikwenda mjini Galway akafanya kazi ya useremala, akawa anakuja Krismasi, akawa hazungumzii bahari.

Murty alikufa mwaka jana, kitandani mwake, kama watu wa pwani wanavyoomba kufa. Flan alikuja akabeba jeneza, mbele upande wa kulia. Baada ya maziko niliona nimebeba vya kutosha. Nilikwenda nyumbani kwa Concepta nikamkuta jikoni, na nguo zake za kanisani bado mwilini, anapaka mkate siagi. Ana miaka tisini kasoro, macho yake ni makali kuliko yangu.

"Nimekuja kukwambia jambo kuhusu Murty," nilisema.

"Aliyevuta ni Flan," alisema bila kuinua kichwa.

Nikavuta kiti nikakaa.

"Jioni ile alishindwa kushika kikombe. Viganja vimechunika vyote viwili, nyama iko nje. Nilivifunga mimi mwenyewe kwa kitambaa. Mnadhani mama ni mtu wa kuambiwa?"

"Sasa, Concepta, miaka yote hii, Murty..."

"Ningemkasirikia nani?" Kisu kilisimama juu ya mkate. "Nilikuwa na hasira ya kuua mtu, Dympna. Flan? Nilikuwa nimebakiwa na huyo mmoja. Murty alinipa mtu wa kumchukia, nikampokea. Nilikuwa namshukuru na siwezi hata kumtazama."

Alipaka kipande kimoja, akakiweka kwenye sahani, akachukua kingine.

"Leo nilikwenda kwao mapema kabla ya watu," alisema, "nimshike mkono. Walikuwa wameshafunga jeneza."